Huyu Ana Mtu

Nilimuua Mtafsiri Jumamosi asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Nilimuua kwa simu ya mama, nikiwa kitandani, nikicheka peke yangu hadi blanketi likaanguka.

Shule ilikuwa imetuachilia kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na mimi nikiwa Form Three bila kazi ni mtu hatari. Nilichukua picha niliyokuwa nimempiga kwenye kibanda chake hapa Ruiru, ameinama, bisibisi iko mdomoni. Nikamwekea mawingu nyuma, njiwa wawili, mshumaa mmoja, na maandishi ya dhahabu: AMEPANDISHWA UTUKUFUNI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaandika: “Mtafsiri, Askari wa Tatu. Amefariki dakika ya sita ya filamu, kabla ya kusema chochote.”

Nilitaka kuituma kwa kikundi cha wanafunzi wenzangu wanne, wale tunaopenda kubashiri nani atakufa kwanza kwenye filamu za anga. Badala yake nikaiweka kwa status ya mama, na mama ni mwenyekiti wa kina mama kanisani. Sikuona. Nikalala tena.

Kumbe kwetu ukishaweka njiwa na mshumaa, hakuna anayesoma zile herufi ndogo. Nilipoamka saa nne, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nje ya ploti yetu. Kina mama walikuwa wanaingia na sufuria za chai na za githeri, zile kubwa ambazo mwenyewe huandika jina lake chini kwa rangi ya kucha, maana sufuria ya matanga isiyo na jina hairudi. Mlango wa Mtafsiri, mpangaji mwenzetu, ulikuwa na kufuli. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake. Kwa waombolezaji kufuli lilikuwa ushahidi tosha. Mama mwenyewe alikuwa sokoni. Alirudi na sukuma wiki mkononi akakuta anaongoza matanga asiyoyajua.

Nitarudi kwa hayo. Kwanza lazima mumjue mtu niliyemuua, kwa sababu shida yote ilianzia hapo: hakuna aliyemjua.

Tulimwita Mtafsiri kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Zamani, nikiwa darasa la pili, la tatu, kulikuwa na ukumbi wa video nyuma ya soko. Siku hizi ni stoo ya simiti. Ulikuwa wa mabati, umepakwa rangi nyeusi ndani ili jua lisituchungulie, na mbele kulikuwa na shuka jeupe lililoshonwa katikati, kwa hivyo kila mhusika wa filamu alikuwa na kovu usoni akisimama vibaya. Mtafsiri alikaa pembeni juu ya kreti ya soda, maiki imefungwa kwa leso, amevaa koti zito hata Januari. Filamu ilipoanza alikuwa anasema, “Tunapaa sasa. Mwenye mtoto amshike.”

Na tulikuwa tunapaa kweli. Mwanga ulipita juu ya vichwa vyetu na vumbi la Ruiru likaelea ndani yake polepole, likimeta, mpaka hukujua nyota zinaishia wapi na vumbi linaanzia wapi. Mvua ikinyesha juu ya mabati, alikuwa anasema tunapita katikati ya mawe ya angani, na hakuna aliyebisha. Mara nyingi nililala kabla ya katikati, kichwa kwa bega la mtu nisiyemjua, na sauti yake ikaendelea ndani ya usingizi. Mpaka leo ndoto zangu zina sauti yake. Naota nimeelea juu ya mashamba ya kahawa, chini matawi yanang’aa kama maji, na pembeni kuna mtu wa koti ananitafsiria.

Sidhani alikuwa anajua Kiingereza sana. Watu wa angani walikuwa wanazungumza dakika nzima, na yeye anasema, “Wanagombania funguo.” Lakini kulikuwa na watu ambao aliwasikia vizuri kuliko mtu yeyote duniani: wale ambao hawasemi kitu.

Kama umewahi kuona filamu za anga unawajua. Chombo kinatua kwenye sayari ngeni. Anatoka kapteni, anatoka msaidizi wake, anatoka daktari, halafu anatoka mtu wa nne ambaye hujawahi kumwona, sare yake safi kama ya mtoto wa siku ya kwanza shuleni, amebeba sanduku. Ukumbi mzima unajua huyo harudi. Tulikuwa tunapiga kelele.

“Huyo ni maiti!”

“Kwaheri, buda! Tuachie sanduku!”

Mtafsiri alikuwa anangoja tunyamaze, halafu anasema kwa sauti ya chini, “Huyu ana mtu.”

Na dakika mbili baadaye, ua kubwa lilipomla yule jamaa au jiwe lilipomeza miguu yake, Mtafsiri alifanya jambo ambalo sijawahi kuona mtafsiri mwingine akifanya. Alisimamisha filamu. Maiti inabaki pale juu ya shuka, mdomo wazi, na yeye anaanza.

“Huyu anaitwa Kariuki. Kwao ni Ngoliba, kule chini kwa jua. Asubuhi alikuwa ametafuta soksi moja akaikosa, akavaa zisizofanana. Mama yake amemwekea githeri, ameifunika na sahani. Kila mbwa akibweka anaangalia njia.”

“Songesha, mzee! Kapteni anangoja!”

“Kapteni angoje. Kapteni ana wiki nzima ya kuishi.”

Wote walikuwa wa Ngoliba. Siku moja mwanamume mmoja alimuuliza kama serikali ya angani inaandika kazi watu wa Ngoliba peke yao. Mtafsiri alimjibu, “Wa Ruiru wana watu wa kuwataja. Wa Ngoliba wananitegemea mimi.” Na kila sayari iliyokuwa nyekundu na kavu, yenye miti mitatu na mbuzi wa ajabu, aliiita Ngoliba ya mbinguni. Hiyo tuliicheka kila mara, hata wale waliotoka Ngoliba. Hao walicheka zaidi.

Sasa usidhani alikuwa mtu mpole. Nje ya ukumbi alikuwa hasalimii. Ukimwambia niaje anaangalia viatu vyako. Tuliishi naye ploti moja miaka yote hiyo, sisi mlango wa nne, yeye wa tisa, na hakuwahi kutuita kwa majina. Mama alikuwa “Mlango wa Nne.” Mwenye duka alikuwa “Mkate.” Mimi nilikuwa Ziada, kwa sababu nilikuwa naingia ukumbini nimejificha nyuma ya watu waliolipa. Nilimuuliza mara moja mbona anawapa majina watu wa uongo na sisi anatunyima.

“Nyinyi mko na watu wa kuwaita,” akasema, akaendelea kula ndengu amesimama. Sikuwahi kumwona akila ameketi.

Alimlilia Kariuki wa soksi zisizofanana, lakini matanga ya watu halisi hakuenda. Krismasi kuku akichinjwa aligeuza uso na kuanza kukagua ukuta. Na hakuwahi kumaliza filamu. Dakika kumi za mwisho aliweka maiki chini, akatoka nje kununua yai la kuchemsha. “Mwisho ni wa kapteni,” alisema. “Kapteni anajua kujisemea.” Kwa hivyo sisi watoto wa ukumbi ule tulikua bila kujua watu wa angani huambiana nini wakishashinda.

Kulikuwa na jambo lingine alipenda kusema, akiwa anafunga waya za spika, bila kuulizwa. “Mimi nishakufa mara moja. Haikuwa mbaya. Vumbi tu.” Mama aliniambia nisikae karibu na mtu wa maneno kama hayo. Nikawa nakaa karibu naye zaidi.

Alifutwa kazi kwa sababu ya kusimamisha. Maziko yake yalikuwa yanaongezeka urefu kila wiki, mpaka filamu ya saa moja na nusu ikawa inachukua karibu saa tatu. Mwenye ukumbi akamwambia achague: maneno yake au kreti yake. Jumapili iliyofuata tukawekewa filamu ya chombo kikubwa, mji mzima unaoelea, watu mia mbili ndani. Kapteni anaruka na kamba, anaokoka, na nyuma yake chombo kinalipuka. Kwenye filamu mlipuko ni sekunde mbili, kapteni hata hageuki.

Mtafsiri akasimamisha kwenye moto.

“Mia mbili,” akasema. “Nipeni majina.”

Kwanza tulicheka. Halafu mtu wa nyuma akasema, “Wanjiru.” Mtafsiri akasema, “Wanjiru, alikuwa jikoni, alikuwa anapenda kuimba akipika.” Mwingine akasema Otieno. Otieno alikuwa analinda mlango na jino lilikuwa linamuuma. Mimi nikatoa jina la mwalimu wangu wa hesabu, Mungu anisamehe, na Mtafsiri akampa watoto wawili na baiskeli mpya, nikajuta. Rangi ya moto ilikuwa imetulia juu ya nyuso zetu zote kama jua la jioni ambalo limekataa kwenda. Hakuna aliyesema songesha. Tulikuwa tumefika mtu wa thelathini na nne wakati mwenye ukumbi alipong’oa waya ukutani.

Baada ya hapo akawa na kibanda. Anatengeneza rimoti, anakuwekea filamu kwa flashi. Hatafsiri tena. Ila ukichukua filamu ya anga, anakuandikia kwa karatasi ndogo: “Dakika ya sita, wa bluu, anaitwa Mwangi.” Mimi na wenzangu tulikuwa tunazikusanya karatasi hizo na kuzisomeana bwenini tukifa kwa kicheko. Hapo ndipo nilipopata wazo la bango. Nilidhani yeye ndiye angecheka kuliko wote. Tena nilidhani nimechagua vizuri, kwa sababu katika watu wote wa Ruiru, huyu ndiye hakuwa na mtu.

Basi, Jumamosi.

Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili alipoingia getini, saa nane mchana, kutoka Thika kununua vipuri. Mkate kwapani, mfuko wa rimoti mbovu mkononi. Mama mmoja alipiga nduru na kumwaga chai. Wengine walisema “Ngai!” na kurudi nyuma na viti vyao. Yeye aliangalia viti, sufuria, mshumaa wa kweli ambao mtu alikuwa amewasha mbele ya mlango wake.

“Nani amekufa?”

Mtoto wa mlango wa pili ndiye aliyesema, “Ni wewe.”

Mama alimpa simu. Alikuwa ananiangalia mimi, kwa maana alikuwa ameshajua ni kazi ya nani. Katika nyumba yetu hakuna mwingine. Mtafsiri aliangalia mawingu, akaangalia njiwa, halafu akaisogeza simu karibu na macho akasoma zile herufi ndogo. Kati ya watu wote waliopita pale, yeye ndiye wa kwanza kuzisoma.

Niliangalia mdomo wake, nikingoja ucheke.

“Umeniua bila jina, Ziada,” akasema.

Halafu akauliza swali ambalo sote hatukuwa tumelifikiria. “Hii imefika wapi?”

Mama akapekua simu. Mama mmoja wa kwaya akainua mkono taratibu kama mwanafunzi. Alikuwa amemtumia dada yake, ambaye ameolewa Ngoliba.

Mtafsiri akaweka mkate chini, palepale mavumbini. “Mama yangu yuko Ngoliba,” akasema.

Hakuna aliyejua ana mama. Alikuwa na nambari ya jirani mmoja wa huko, akapiga kwa simu ya mama yangu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu nilimwona anasogeza midomo bila sauti, kama wale watu wa angani kwenye filamu maiki ikiwa imezimwa. Kama yule mama mzee angeanguka kwa habari ile, hakuna rimoti ya kurudisha nyuma.

Mama hakunichapa wala kunitusi. Alisema tu, “Vaa viatu. Utaenda naye.”

Tulifika Thika, tukachukua boda, tukashuka kuelekea joto. Mahindi yakawa mafupi, halafu yakaisha. Ardhi ikawa nyekundu, miti mitatu hapa, mbuzi wa ajabu pale, na jua la saa kumi likafanya kila kitu kielee kidogo juu ya vumbi. Nilikuwa nimewahi kuja hapa mara mia moja nikiwa nimelala. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, pua kwenye koti lake, na kwa sababu sikuwa naona uso wake nikapata ujasiri wa kumuuliza kama ni kweli alishakufa.

Alijibu akiangalia mbele, nusu ya maneno yakachukuliwa na upepo. Akiwa kijana alikuwa anachonga mawe machimboni Ndarugu. Wakaja wageni na kamera, wakasema yale machimbo ni sayari. Wakampa sare ya kijivu, wakamwambia asimame wa tatu kutoka kushoto na aanguke akionyeshwa kidole. Akaanguka. Filamu ilipokuja Thika alimpeleka mama yake kuiona. Zilikuwa sekunde tatu.

“Alipiga kelele ukumbi mzima ukasimama. Nikamshika, nikamwambia, maitu, mama yangu, mimi niko hapa kando yako. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, mbona hawakusema jina lako?”

“Ukamwambia nini?”

Boda ikaingia shimo, ikatoka. Yeye akainua kola ya koti lake.

Boma lao lilikuwa limejaa watu. Kulikuwa na benchi za kuazima, moto, mzee mmoja na Biblia. Nilitafuta kwa macho mwanamke anayelia nikamkosa. Halafu nikamwona shosho mmoja, kikongwe mdogo wa mwili, amekaa mbali na wote karibu na zizi la mbuzi, ungo mapajani, anaambua mbaazi. Aliinua kichwa akamwona mwanawe akishuka kwenye pikipiki.

“Umechelewa,” akasema. “Waambie hawa watu waende kwao. Wamemaliza majani yangu ya chai.”

Nduru za Ruiru hazikuwa kitu. Watu wawili walikimbia kabisa. Yule jirani wa simu alikuja akihema, akieleza mbiombio: walimwonyesha shosho picha tangu asubuhi, akakataa kulia, wakadhani akili imeruka, wakamuombea, akawaambia wasogee wanamzibia mwanga.

“Picha ni yake,” shosho akasema. “Siwezi kukosa pua niliyoizaa. Lakini nikawauliza jina liko wapi, hakuna aliyenisomea. Huyu nilimpa jina. Akifa kweli wataniletea na jina lake. Hii nikajua ni sinema. Alishawahi kufa hivi.”

Watu wakacheka kwa nguvu, kicheko cha kupumua. Mtafsiri hakucheka. Alikuwa anaangalia ungo, na mimi nikaangalia. Maganda na mbaazi vilikuwa vimechanganyika vyote pamoja, kilima kizima. Shosho alikuwa ameambua tangu asubuhi na kurudisha vyote mahali pamoja bila kujua.

Mtafsiri alipiga magoti, akauchukua ungo, akaanza kutoa maganda moja moja. Walikaa hivyo muda mrefu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona chini, ametulia, bila maiki wala bisibisi. Vumbi liliwazunguka likimeta, nikahisi ningeweza kulala nimesimama.

“Na ni nani alikuua?” shosho akauliza.

“Ni huyu.”

“Haiya! Huyu mdogo?” Akanipima kutoka viatu hadi nywele. “Ana mtu?”

“Ana mama.”

“Anaitwa nani?”

Nikafungua mdomo nijibu, lakini Mtafsiri akanitangulia. Alitaja jina langu la kanisani, la nyumbani, na la baba yangu, yote matatu kama yalivyo kwenye rejista, bila kukwama. Miaka yote ya Ziada alikuwa anayajua.

Niliomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani na yote yakapotea. Nilisema tu, “Pole, shosho,” sauti ikapanda juu kama ya msichana. Hakusema amenisamehe. Alimtuma jirani alete kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akanipa kalamu.

“Unajua kuandika? Andika.”

Akanitajia jina la mwanawe, polepole, majina matatu, na chini yake jina lake yeye kama mama. Niliandika kwa mwandiko wangu wa mtihani. Yeye hasomi, lakini aliniambia nirudie herufi moja ambayo haikumpendeza. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

“Hii ni ya siku yake. Na mimi nitakuwa nimetangulia. Kabla ya hapo usimpe mtu.”

Kwa hivyo hamtalipata hapa, hata mkiniuliza vipi.

Mtafsiri alibaki kwao. Alinisindikiza hadi kwa boda, akamwambia dereva, “Mwenye mtoto amshike,” na huyo dereva hakuelewa kwa nini nilianza kulia.

Nilifika Ruiru jua likizama. Viti vilikuwa vimerudishwa, mshumaa umezimwa. Sufuria kumi na moja zilikuwa zimerundikana kando ya mfereji wa maji. Mama alisimama mlangoni nikamweleza yote: machimbo, ungo, kalenda, jina nisiloweza kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa kifuani, akiangalia kufuli la mlango wa tisa. Kisha akasema hivi, na ninaandika kama alivyosema:

“Osha hizo sufuria, halafu urudishe kila moja kwa mwenyewe. Na usije kuniuliza ni ya nani. Majina yameandikwa chini.”